Uliza Tu: Mgeni wa klabu ameongea saa nzima, nifanyeje?

Mwezi huu karibu meseji zote ni za mambo ya klabu za kusaidia jamii, zile kama Rotary na Lions. Labda ni juu maprezo wengi wapya waliingia Julai na wanataka kuonekana, sijui, lakini simu imejaa maswali ya wageni wa kuzungumza, kambi za macho, siku za kutoa damu. Mimi nilikaa miaka sita nikiwa mtu wa programu kwa klabu moja hapa Kisumu, yaani kazi yangu ilikuwa kutafuta nani atakuja kuongea wiki ijayo na kupigiwa kelele asipokuja, kwa hivyo haya ya leo nayajibu kwa raha.

Anti habari. Kuna posta ilitumwa kwa grupu ya wazazi wa shule, klabu fulani ya kusaidia jamii inakutana Alhamisi jioni kwa hoteli moja huko Milimani na kutakuwa na daktari wa kuongea juu ya selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi. Mtoto wangu wa pili ako nayo na nataka sana kusikia. Lakini mimi nauza mboga, sijawahi ingia hizo hoteli. Wataniruhusu kweli ama ni ya wanaume wa tai? Mama wa Wawili, Nyalenda

Enda, dada yangu. Wageni wanakaribishwa, na mtu wa programu anaomba Mungu watu kama nyinyi mje juu hakuna kitu kinauma kama kuleta daktari halafu viti viko wazi. Piga ile namba ya katibu iliyo kwa posta uulize kitu kimoja tu: mgeni analipia chakula ama halipii? Klabu zingine mwanachama ndiye hulipia mgeni, zingine kila mtu na mfuko wake. Kama kuna kulipa na huna, sema unakuja kusikiliza, utakunywa maji, na hakuna mtu atakuuliza swali la pili.

Fika mapema kidogo juu wakigonga kengele wameanza. Wataomba wageni wasimame waseme jina na wametoka wapi, sentensi moja inatosha, usitetemeke. Halafu utaona mtu anazunguka na kikapu anatoza watu faini, huyu amechelewa, huyu simu imelia, yule mtoto wake amepita mtihani kwa hivyo naye alipe kwa furaha! Hiyo pesa huenda kwa miradi, ni utani wao wa siku zote, na mgeni hatozwi.

Hiyo ya wanaume wa tai, zamani ilikuwa kweli. Rotary ilianzishwa Chicago tarehe 23 Februari 1905 na wakili Paul Harris na wenzake watatu, walikuwa wanakutana leo ofisi ya huyu kesho ya yule, ndio jina likatoka hapo kwa kuzunguka. Wanawake walifungiwa nje miaka na miaka mpaka kesi ikafika Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 1987, na 1989 wakabadilisha sheria yao dunia nzima. Kwa hivyo ukiingia na leso yako hujavunja kitu.

Swali lako liandike kwa karatasi ukiwa nyumbani juu ukifika pale litapotea. Mimi ningeuliza ya homa: mtoto wa selimundu akishika homa usiku si ya kungoja kuche, ni ya kukimbiza hospitali usiku huohuo, sasa muulize daktari ukifika pale mapokezi useme nini ndio wasikuweke kwa laini na watu wa kikohozi. Na kama kuna mtu kwa familia anakuambia ati ni laana, muombe daktari aeleze mbele ya watu venye hii kitu inakuja: mtu akirithi jeni ya selimundu kwa mzazi mmoja tu inamkinga na malaria kali, ndio maana imejaa huku kwetu ziwani kwa mbu, shida ni mtoto akipata kwa wazazi wote wawili.

Salamu Anti. Nilichaguliwa mtu wa programu bila kuulizwa, nilikuwa nimeenda msalani. Wakubwa nikiwaita wanasema sawa halafu siku yenyewe simu imezimwa. Wa mwisho alikuja kuongea juu ya mazingira, akaongea saa moja na dakika kumi, slaidi sitini na kitu, watu wakaanza kutoka mmoja mmoja ati wanaenda kuangalia gari. Na bado nina miezi saba ya kujaza. Mchovu, Section 58, Nakuru

Pole ndugu yangu, hiyo ya kuangalia gari nimeiona sana, hata wale hawana gari hutoka.

Sasa niambie ukweli. Ulimwambia aje "aongee juu ya mazingira", si ndio? Mtu ukimpa shamba zima atalima lote. Makosa hayakuwa yake. Ungempa swali, tena swali la hapo kwenu: ziwa limepanda mpaka likameza geti la mbuga na maji yakaingia nyumba za watu Mwariki, je, hao watu wajenge wapi sasa na nani aliwaambia? Hapo hata akitaka kuanza na historia ya dunia hawezi, juu watu washajua wanangoja nini. Swali liandike kwa barua ya mwaliko na uliandike hivyohivyo kwa posta, neno kwa neno, asipate mahali pa kutorokea.

Halafu dakika. Ishirini za kuongea na kumi za maswali, mwambie kwa barua, umkumbushe kwa simu, umwambie tena mlangoni ukimsalimia. Mtu wako akae mbele kabisa na karatasi kubwa imeandikwa DAKIKA 5. Mimi yangu nilikata kwa katoni ya majani chai na nilikaa nayo miaka yote sita, kona zikaisha kwa kushikwa, na niliinulia watu wakubwa sana ile karatasi na hakuna aliyenichukia. Slaidi mwambie saba. Ataleta kumi na tano, ni sawa.

Lakini kubwa kuliko hayo ni kwamba unatafuta vyeo, na mtu wa cheo ndiye huzima simu. Mgeni bora nimewahi leta hakuwa hata na kadi ya biashara. Ni mama muuza omena, wale samaki wadogo wa ziwa, wa Dunga, nilikuwa nanunua kwake, siku moja nikamuuliza kwa nini omena ya wiki hii ina mchanga na ile ya juzi haikuwa nao, akanieleza nikasema huyu lazima aje Alhamisi. Alikuja na gorogoro mbili zimefunikwa na gazeti. Moja ilikuwa omena ya kuanikwa chini kwa nyavu kuukuu, nyingine ya kuanikwa juu kwa kichanja. Hakuongea kwanza, alipitisha zile gorogoro meza kwa meza akasema kila mtu atie mkono, na watu wa suti wakatia, ya kwanza ikawaacha na mchanga kwa kucha. Manija wa hoteli akaja kuuliza hii harufu ni ya nini. Ndio sasa akaanza: mvua ikinyesha siku mbili mfululizo ya chini inaoza yote, inauzwa kwa watu wa chakula ya kuku kwa bei ya kutupa, ya juu unaikusanya haraka unafunika inapona. Aliongea dakika kumi na nne. Maswali yakaenda karibu saa nzima na hakuna mtu alienda kuangalia gari, na hiyo jioni hiyo klabu ikachanga mbao na nyavu za vichanja. Nimeleta maprofesa baadaye, wazuri tu, hakuna aliyetoa pesa kwa mifuko ya watu hivyo.

Kwa hivyo tembea hapo Nakuru na masikio. Fundi, mkunga, mtu wa takataka, mwalimu wa viziwi. Mtumie nauli mapema, usimrudishie baadaye juu anaweza kukosa ya kuja, na mtu wa klabu aende amchukue mlangoni asiingie peke yake.

Miezi saba usiijaze yote kwa kichwa, kalenda itakusaidia. Mwezi wa kumi umejaa: Alhamisi ya pili ni siku ya macho duniani, na tarehe 24 ni ya polio. Hiyo ya polio Rotary wako nayo tangu chanjo za Ufilipino mwaka 1979, wakaifanya ya dunia nzima 1985, na tarehe 25 Agosti 2020 Afrika ikatangazwa haina tena kirusi asili cha polio. Sasa usiite mkubwa wa wizara aje akusomee hayo, mimi nimekupa bure. Ita yule anayebeba kisanduku cha barafu nyumba kwa nyumba, anayepaka mtoto wino kwa kidole na kuandika chaki kwa mlango, umuulize mlango uliofungwa usoni mwake aliufungua vipi mara ya pili. Hiyo ndiyo hotuba.

Na kuwa na mtu wa akiba. Kila mwezi mwanachama mmoja akae tayari kueleza kazi yake mwenyewe, ile hasa anafanya akifika asubuhi, simu ya mgeni ikizimwa yeye anasimama. Utashangaa mmekaa meza moja miaka mitano na hamjui yule wa bima hufanya nini.

Anti, klabu yetu changa tunataka kufanya kambi ya macho bure, tumepanga katikati ya Aprili, posta iko tayari, mgeni rasmi amekubali. Kuna kitu tumesahau? Katibu, Vihiga

Mmesahau mvua, mwalimu. Nakuita mwalimu juu barua imepangwa vizuri hivyo. Aprili huko kwenu barabara ni tope na watu wako shambani wanapalilia, nani atamleta nyanya? Rudisheni mwisho wa Januari ama Februari kukiwa kukavu, na iwe Jumamosi, juu mzee asiyeona huongozwa na mjukuu na siku zingine mjukuu ako shule. Siku ya soko la karibu pia muulize kabla, msigombane nayo.

Pili, nani mnamtumia posta? Mtu wa mtoto wa jicho haoni posta! Tangazo liende redio ya Kiluhya, kanisani, msikitini, kwa baraza la chifu.

Tatu na ndio kubwa. Kambi ni ya kupima tu, mtoto wa jicho unatolewa kwa upasuaji hospitali. Mko na bahati hospitali ya macho ya Sabatia iko hapohapo kaunti yenu, nendeni muulize wiki hiyo wanaweza pasua wangapi, mpate hiyo namba kwanza ndio mtangaze. Mkipima mia mbili na nafasi ni ishirini, wale wengine watarudi nyumbani wakijua wanaweza kuona na hawaoni, na mwaka ujao hawaji. Tena bajeti wengi huishia kwa gari la kwenda, wanasahau mgonjwa analala, kesho yake anafunguliwa bandeji, anarudishwa kwao, anaweka dawa ya matone wiki kadhaa na anarudi kuangaliwa. Nani atapiga hizo simu? Mpe mtu mmoja kazi hiyo na jina lake liandikwe.

Mgeni rasmi mwambieni aje siku ya kufungua bandeji asije siku ya kupima. Siku ya kupima ataongea na watu wenye njaa kwa laini.

Na mkitaka kitu cha kusoma siku hiyo, someni ya Lions. Klabu zao zilianza 1917 Chicago chini ya Melvin Jones wa bima, zilikuwa zinafanya hiki na kile. Mwaka 1925 kwa mkutano wao Ohio wakamwalika Helen Keller, asiyeona wala kusikia, akawaomba wachukue kazi ya macho iwe yao. Mpaka leo ukitaja Lions watu wanafikiria miwani. Mgeni mmoja, hotuba moja fupi.

Mheshimiwa wa huku kwetu anataka kuja kuongea klabu na ameahidi kiasi kizuri. Tumkubalie? Mweka Hazina, Bungoma

Uchaguzi ni 10 Agosti 2027, kwa hivyo mimi nishajua anakuja kwa nini. Klabu hizi hazina chama. Aje kama jirani, apewe swali moja la barabara ama maji, dakika ishirini, karatasi yangu ya katoni, na kofia na fulana zibaki kwa gari. Pesa ikija ipitie akaunti na risiti, si kwa bahasha mbele ya kamera. Akikataa hayo basi mmejua.

Nilienda siku ya kutoa damu ya klabu yetu Kondele, mimi ndio nilipanga viti na hema, wakanikatalia juu nina kilo 47. Nilihisi aibu. Mwembamba

Aibu ya nini sasa. Huku Kenya ni kilo 50 kwenda juu, umri 16 hadi 65, na hiyo sheria ni ya kukulinda wewe usianguke hapo kwa hema ulilopanga. Wanachukua karibu nusu lita kwa kila mtu na kwa mwili mdogo hiyo ni nyingi. Wewe simama kwa meza ya chai uangalie waliotoa wasiinuke haraka, na ushike daftari: mwanaume anaweza kurudi baada ya miezi mitatu, mwanamke minne, sasa wewe ndiye utawapigia. Siku ya damu duniani ni 14 Juni, siku aliyozaliwa Karl Landsteiner, yule aliyegundua makundi ya damu, ukihesabu kutoka hapo utapanga mwaka mzima.

Mgeni akimaliza tunampa zawadi gani? Prezo Mpya, Kakamega

Msimpe kikombe chenye nembo ya klabu. Mimi ninavyo tisa, kimoja naweka mswaki.