Valvu ya Usalama Ikidondosha, Pima Presha Kwanza

Mwaka wangu wa pili katika kazi hii ya bomba nilibadilisha valvu ya usalama ya hita moja ya maji, ile inayoachia maji presha au joto likizidi, mara tatu. Kila nikifunga mpya, siku mbili tatu baadaye napigiwa simu: fundi, inadondosha tena. Nikadhani nimeuziwa mali mbovu. Valvu zote tatu zilikuwa nzima. Mwenye nyumba alitoa pesa ya bure kwa sababu sikuwa nimepima presha hata mara moja, na jambo hilo linaniuma mpaka leo. Ndiyo maana nakuandikia wewe unayeanza.

Nunua geji ya kupimia presha kabla hujanunua spana ya pili. Tafuta ile yenye mishale miwili: mmoja unaonyesha presha ya sasa, wa pili unasukumwa juu na kubaki pale presha ilipofika kilele. Ifunge kwenye koki yoyote iliyo baada ya kidhibiti presha, kile kifaa kinachopunguza presha ya maji ya mtaani yanapoingia nyumbani, uiache usiku kucha. Nyumba nyingi zinatosheka na bar 3 hadi 4. Ikizidi 5.5, yaani psi 80 hivi, mipira ya koki na mabomba laini ya mashine ya kufulia huanza kuteseka, hata kama hakuna kinachovuja bado.

Asubuhi ukikuta mshale wa kilele umepanda mno, watuhumiwa ni wawili, na hapa ndipo wanafunzi wengi hupotea kwa sababu dalili zao zinafanana.

Wa kwanza ni kidhibiti chenyewe. Ndani yake kuna springi, kiwambo cha mpira, na raba inayokalia tundu la kupitishia maji. Raba ikilika, au punje ya mchanga ikikwama pale inapokalia, tundu halifungi sawasawa. Mtu akiwa anaoga huoni tatizo, kwa kuwa maji yanatoka. Koki zote zikifungwa, presha ya mtaani inapenya kidogokidogo mpaka ndani kunakuwa sawa na nje.

Wa pili ni joto. Maji yakipashwa hutanuka. Lita 200 zikitoka nyuzi 15 hadi 60 za Selsiasi huongezeka zaidi ya lita 3. Zamani ziada hiyo ilirudi kwenye bomba la mtaa bila mtu kujua. Ukishaweka kidhibiti, mara nyingi umefunga mlango huo wa kurudia, na maji hayabonyezeki. Presha hupanda mpaka valvu ya usalama ifunguke na kuachia. Ndiyo maana inadondosha usiku, watu wamelala, hakuna koki iliyofunguliwa.

Kuwatenganisha si kazi ngumu, inataka subira tu. Zima hita, iache ipoe kabisa. Fungua koki moja ya maji baridi kidogo, ifunge, kisha kaa utazame geji. Mshale ukipanda hita ikiwa baridi, kidhibiti kinapitisha. Ukitulia, na kupanda tu baada ya kuwasha hita, basi ni kutanuka kwa maji, na dawa yake ni kitenki cha upanuzi, kitenki kidogo chenye hewa na mpira ndani kinachopokea maji ya ziada. Kama kipo tayari, bonyeza kipini cha ile valvu yake ya upepo, inayofanana na ya tairi. Yakitoka maji badala ya hewa, mpira wa ndani umepasuka. Ukifunga kipya, kijaze upepo ulingane na presha ya nyumba, na ukijaze kikiwa hakina maji.

Malalamiko ya maji kuwa dhaifu ni mepesi zaidi. Geji inasoma vizuri koki zikiwa zimefungwa, lakini ukifungua mbili inaporomoka: angalia kichujio kwenye kidhibiti, mara nyingi kimejaa uchafu. Na kama kidhibiti ni kipya, hakiki kwamba mshale uliochorwa mwilini mwake unaelekea ndani ya nyumba. Nimekuta vilivyogeuzwa.

Unaporekebisha, legeza nati ya kufungia, zungusha skrubu robo mzunguko tu. Kwa vingi, kuelekea kulia ni kuongeza. Kisha fungua koki na uifunge ndipo usome. Ukipunguza bila kumwaga maji, geji itaendelea kuonyesha presha ya zamani iliyonaswa, nawe utazidi kuzungusha mpaka uharibu.

Sasa sikiliza kwa makini. Usizibe kamwe mdomo wa valvu ya usalama, hata kwa usiku mmoja, hata mwenye nyumba akikusihi kwa sababu sakafu inaloa. Bomba lake la kumwagia lishuke chini, lisipunguzwe kipenyo, lisiwe na koki, na mwisho wake usiwe na nyuzi za skrubu ambazo mtu anaweza kufungia kizibo. Kwenye matenki makubwa valvu nyingi hufunguka kwa bar 10 au nyuzi 99. Kidhibiti joto kikikwama na njia imezibwa, maji hupita nyuzi 100 bila kuchemka kwa sababu ya presha. Tenki likipasuka, yanageuka mvuke papo hapo, na mvuke huchukua nafasi mara 1,600 hivi ya maji. Ukuta hauhimili hilo.

Kwa hiyo ukikuta valvu inatoa mvuke au maji yanayofoka kwa joto, hilo si tone la usiku. Kata umeme au gesi kama unaweza kufika swichi salama, ondoa watu, na uache ipoe yenyewe.

Kwenye ile nyumba yangu, valvu ilikuwa ya bar 7. Nilipofunga geji hatimaye, jioni ilisoma 3.5, asubuhi mshale wa kilele ulikuwa umesimama kwenye 7. Niliweka kitenki cha upanuzi, na valvu ile ya tatu sikuigusa tena.