Maswali yenu: Tony Benn, Ulaya na mfalme mwema

Wiki iliyopita nilimtaja kwa sentensi moja tu Tony Benn, mbunge wa chama cha Labour cha Uingereza aliyepigana na mradi wa kuziunganisha nchi za Ulaya tangu neno Brexit, yaani Uingereza kujitoa Umoja wa Ulaya, halijabuniwa. Sikutegemea maswali yangekuwa mengi hivi. Nimechagua haya.

Mtu wa mrengo wa kushoto, mtetezi wa wafanyakazi. Ikawaje akawa kundi moja na akina Nigel Farage, wanasiasa wa mrengo wa kulia waliopigania Brexit? (Msomaji, Tanga)

Walikutana mlangoni tu, kila mmoja na safari yake. Hoja ya Benn ilikuwa moja, na aliirudia mpaka wenzake wakaikariri: anayetunga sheria lazima awe mtu ambaye mpiga kura anaweza kumwondoa.

Tazama mjadala wa tarehe 20 Novemba 1991, wiki chache kabla waziri mkuu John Major hajakwenda Maastricht, Uholanzi, kujadili mkataba wa kuunda Umoja wa Ulaya. Labour walikuwa upinzani kwa mwaka wa 13. Margaret Thatcher, waziri mkuu wa Conservative aliyemtangulia Major, alikuwa amevibana vyama vya wafanyakazi, na wengi walianza kumwona Jacques Delors, mkuu wa Tume ya Ulaya, kama mkombozi: haki waliyonyimwa London ingekuja kutoka Brussels. Benn, akiwa mbunge wa viti vya nyuma asiye na cheo, akawaambia kwamba wenye mawazo hayo wanaamini mfalme mwema ni bora kuliko Bunge baya, na kwamba yeye hajawahi kuliamini hilo. Maneno hayo yaliwalenga watu wa upande wake mwenyewe, na hapo ndipo ninapomheshimu. Kumzomea waziri wa chama kingine ni kazi rahisi.

Kumbuka pia kwamba wakati huo mawaziri wa nchi wanachama walipitisha sheria za Ulaya milango ikiwa imefungwa. Mbunge wa Chesterfield, yaani Benn mwenyewe, hakuwa na namna ya kujua waziri wake kasema nini humo ndani, isipokuwa kwa kuambiwa na waziri huyohuyo.

Msimamo huo aliutoa wapi? Ni vitabu? (Msomaji, Bujumbura)

Sidhani ni vitabu. Baba yake, Vaikaunti Stansgate, alifariki Novemba 1960, na kwa sheria ya siku zile cheo kilimwangukia mwana, atake asitake. Mwenye cheo hicho hakuruhusiwa kukaa na wabunge wa kuchaguliwa. Nafasi yake ni Bunge la Malodi. Benn akapoteza kiti. Mei 1961 ukaitishwa uchaguzi mdogo, akagombea, akashinda kwa kishindo. Alipofika Bungeni, mlinzi akamzuia mlangoni. Mahakama ya uchaguzi ikampa kiti aliyeshindwa. Ilibidi sheria ibadilishwe mwaka 1963 ndipo akaweza kuuvua ulodi na kurudi.

Mtu aliyezuiwa mlangoni na kura zake mkononi hahitaji kusomeshwa. Baadaye alikuwa na maswali matano kwa kila mwenye mamlaka: una mamlaka gani, umeyapata wapi, unayatumia kwa faida ya nani, unawajibika kwa nani, na sisi tutakuondoaje?

Lakini si alikuwa waziri katika serikali iliyobaki Ulaya? Huo si unafiki? (Msomaji, Mombasa)

Kasoro ipo, sitaificha. Mwaka 1967, waziri mkuu wa Labour Harold Wilson alipoomba Uingereza ijiunge na Ulaya, Benn alikuwa waziri na aliunga mkono. Labour walipoanguka mwaka 1970 akaanza kudai kura ya maoni. James Callaghan, mwenzake wa Labour, alisema wazo hilo ni kiboya cha mpira ambacho siku moja chama kizima kitashukuru kukipata, na kweli walikidandia. Tarehe 5 Juni 1975 wananchi wakapiga kura, asilimia 67.2 wakataka kubaki. Siku chache baadaye Wilson akamhamisha Benn kutoka Wizara ya Viwanda kwenda Nishati. Akahama, hakujiuzulu.

Hilo namsamehe. Lisilosameheka kirahisi ni ilani ya Labour ya 1983, aliyoitetea, iliyoahidi kuitoa nchi Ulaya bila kuwarudia wananchi kwa kura nyingine ya maoni. Mtu wa maswali matano alipaswa kulistukia hilo. Labour walipigwa vibaya, na yeye akakosa kiti chake cha Bristol.

Upinzani ulikaribia kuuzima Mkataba wa Maastricht? (Msomaji, Leicester)

Ulikaribia kumwangusha Major. Usiku wa tarehe 22 Julai 1993, kura ya Labour kuhusu sura ya haki za wafanyakazi ilitangazwa sare, 317 kwa 317, na Spika Betty Boothroyd akaipa serikali kura yake. Dakika chache baadaye hoja ya serikali yenyewe ikaanguka, 316 kwa 324, kwa sababu waasi wa Conservative, chama cha Major mwenyewe, waliungana na upinzani. Kesho yake Major akageuza suala kuwa kura ya imani. Waasi, wakihofia uchaguzi, wakarudi zizini.

Mwanawe naye? (Msomaji, Muscat)

Hilary Benn alitaka Uingereza ibaki. Sheria ya 2019 iliyomlazimisha waziri mkuu Boris Johnson kuomba muda zaidi badala ya kutoka bila makubaliano iliitwa Sheria ya Benn. Mzee alikuwa amefariki Machi 2014.

Haya yanatuhusu nini sisi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki? (Msomaji, Arusha)

Wewe wa Arusha unaishi jirani na makao ya Jumuiya. Ulaya ilianza kuchagua wabunge wake moja kwa moja mwaka 1979. Wetu wa Bunge la Afrika Mashariki, tisa kwa kila nchi, bado wanachaguliwa na mabunge ya nchi zao. Mimi na wewe hatujawahi kuyaona majina yao kwenye karatasi ya kura. Na muswada wanaoupitisha hauwi sheria mpaka wakuu wote wa nchi waukubali. Akishikilia kukataa hata mmoja, umekufa. Kwa hiyo nadhani Benn, akishuka basi leo Afrika Mashariki, maswali yake matano angeyapeleka kwanza ikulu, moja baada ya nyingine, ndipo aje Arusha.