Proksi ya kushirikiana: nani anayekuona?

Mkuu, umeuliza kama proksi (seva ya kati inayopitisha mawasiliano yako ya mtandao) inayotumiwa na watu wengi kwa anwani moja ya IP, yaani namba inayokutambulisha mtandaoni, inatosha kukuficha, na kama unaweza kuingilia nayo hata akaunti ya benki. Nimezitumia karibu miaka miwili, nakujibu kwa yaliyonikuta.

Ni kweli tovuti huona anwani ya proksi badala ya yako, ila si kwa kila proksi. Ya kwanza niliyotumia ilikuwa ya bure. Siku moja nikafungua ukurasa wa HTTP (usiofungwa kwa msimbo) unaoonyesha ombi lako jinsi lilivyofika, nikakuta mstari wa X-Forwarded-For, ambao proksi huongeza kumtaja aliyetuma ombi, umebeba anwani yangu halisi, tarakimu kwa tarakimu. Miezi yote ile nilikuwa wazi, na niliumia sana.

Kinachonitisha zaidi ni mwenye seva, maana kila kitu kinapita kwake. Tovuti ikiwa ya HTTP, anasoma yote hadi nenosiri, na akitaka anapachika matangazo yake humo. Ikiwa ya HTTPS, yaani data imefungwa kwa msimbo, kivinjari humwomba kwa amri ya CONNECT afungue njia tu: atajua umekwenda tovuti gani, saa ngapi, na data kiasi gani imepita, lakini yaliyomo hayasomi. Kwa hiyo kivinjari kikikuonya kuhusu cheti (kitambulisho cha tovuti), funga ukurasa hapohapo, huenda kuna mtu kajiweka katikati. Na anayekuambia SOCKS5, aina nyingine ya proksi, ni salama kwa sababu ni SOCKS5, mkatalie. Yenyewe haifichi data, inaipitisha tu.

Halafu kuna wale mnaoshirikiana nao. Mmoja akituma barua taka, IP inafungiwa na nyote mnaumia. Mimi nilifungiwa akaunti ya barua pepe kwa kosa la mtu nisiyemjua, na kila tovuti ikawa inanitaka nithibitishe kuwa si roboti.

Vidakuzi, yaani vijifaili ambavyo tovuti huweka kwenye kivinjari ili ikukumbuke, navyo havijali IP. Ukishaingia kwenye akaunti yako, wanakujua. Kagua pia DNS (huduma inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani za IP), kwani kivinjari kikiuliza majina ya tovuti nje ya proksi, mtoa huduma wako wa intaneti anaendelea kuona unakokwenda. WebRTC, teknolojia ya kivinjari ya simu za sauti na video, nayo inaweza kuvujisha anwani.

Benki, hapana. IP ileile ikitumiwa na wageni wengi, mfumo wao unaweza kukushuku na kukufungia. Ingia kwa laini yako mwenyewe, kwa HTTPS, proksi ikiwa imezimwa.