Maswali na Majibu: Mifano ya Vyombo vya Ziwa Victoria

Swali: Wanafunzi wangu wa chama cha historia wanataka kutengeneza mfano wa meli ya zamani ya Kisumu. Tuanze na ipi? (Mwalimu, Ahero)

Jibu: Mwalimu, anzeni na meli ya mvuke SS William Mackinnon, kwa kuwa historia yake yenyewe ni ya kuunganisha vipande. Iliundwa Scotland, ikafumuliwa, na vipande vyake vikaletwa Mombasa kisha bara wakati ambapo reli ilikuwa haijafika ziwani, hivi kwamba sehemu ya mzigo huo ilibebwa na wapagazi. Ilishushwa majini Kisumu mwaka 1900, ilhali reli ilifika Desemba 1901. Meli za Winifred na Sybil nazo zililetwa zikiwa vipande, na hata MV Victoria, iliyoundwa Glasgow, iliunganishwa Kisumu kabla ya kuanza safari mwaka 1961. Wanafunzi wakikata vipande vya plaiwudi, wakaviandika namba na kuvipanga mezani kabla ya kuvibandika, watakuwa wanairudia kazi iliyofanywa palepale gatini, ila kwa gundi badala ya ribiti, yaani misumari ya kuunganishia mabamba ya chuma.

Swali: Na hizo ribiti zitaonekanaje kwenye mfano? (Msomaji, Kondele)

Jibu: Tandaza karatasi ya alumini ya kufungia chakula juu ya kitambaa kilichokunjwa, ubonyeze vidoto kwa upande wa nyuma ukitumia kalamu iliyokwisha wino, kisha uigeuze na kuibandika. Usibonyeze kwa nguvu: kichwa cha ribiti chenye upana wa sentimita 2 huwa milimita 0.4 tu kwa kipimo cha 1:50, na mifano mingi niliyoiona ina ribiti kubwa kama maharagwe.

Swali: Meli yangu ya kipimo cha 1:100 hulala ubavu kila nikiiweka kwenye karai la maji. Kosa liko wapi? (Kijana, Nakuru)

Jibu: Kosa liko juu, na dawa iko chini. Urefu ukigawanywa kwa 100, uzito hugawanywa kwa 1,000,000, kwa sababu upana na kimo navyo vimepungua. Meli ya tani 500 inapaswa kuwa na nusu kilo pekee. Pima mfano wako kwenye mizani. Ukiwa mwepesi kuliko inavyostahili, jazia farumi (uzito wa kutuliza chombo) ya misumari mifupi kandokando ya mkuku, yaani uti wa chini wa meli, uimwagie gundi isitembee. Ukiwa tayari ni mzito, punguza mbao za sitaha ya juu na dohani, kwa maana huko ndiko sisi mafundi wa nyumbani tunakopenda kurembesha kupita kiasi.

Swali: Baba mkwe alikuwa mvuvi, nami ningependa kumtengenezea mtumbwi wa kushonwa wa zamani. Je, ni kazi ngumu? (Mama, Homa Bay)

Jibu: Mama, ni ngumu kuliko meli ya chuma, lakini ndiyo kazi ninayoipenda zaidi. Mitumbwi ya Sese, visiwa vya Uganda ziwani humo, ilishonwa mbao kwa mbao kwa nyuzi za mimea bila msumari, kama mitepe, vyombo vya kale vya Lamu, ilivyoshonwa kwa kamba za nazi. Mtumbwi wa Sese utautambua kwa mkuku unaochomoza mbele ya omo (sehemu ya mbele ya chombo) kama mdomo wa ndege, na kwenye ncha yake husimama mti ulioungwa na omo kwa kamba. Tumia vijiti vya aiskrimu vilivyolowekwa katika maji moto, navyo vitapindika bila kuvunjika. Toboa mbao mbili zinazopakana kwa pamoja, kwa sindano iliyopashwa moto, kabla ya kuzipinda. Mimi niliwahi kupinda kwanza nikatoboa baadaye, ubao ukapasuka kutoka omo hadi tezi (nyuma), na kazi ya wiki mbili ikaishia jikoni kuwashia jiko. Shona kwa uzi wa katani uliopakwa nta, na gundi iwe ndani tu, mahali ambapo Mzee hataiona.

Swali: Picha za kale hazina rangi. Nipake rangi gani? (Msomaji, Busia)

Jibu: Chagua inayokupendeza, kisha uandike chini ya kibao cha mfano kwamba rangi umeibuni wewe.