Jibu: Kukata maneno marefu ya Kiingereza

Mwalimu, umeuliza kwa nini wanafunzi wako hapo Malindi hukata "disagreement" kuwa di-sa-gree-ment. Wanafuata Kiswahili, ambamo silabi nyingi huishia kwa irabu. Waanzishe na mofimu kwanza, yaani vipande vidogo kabisa vya neno vyenye maana: ondoa kiambishi awali dis-, ondoa kiambishi tamati -ment, kiini agree kitabaki. Hizo ni mofimu 3. Kisha wahesabu irabu zinazosikika, si zinazoandikwa: dis-a-gree-ment, silabi 4.

Hesabu hizi mbili si lazima zilingane, na hapa ndipo wengi hukwama. "Crocodile" ina silabi 3 lakini mofimu 1. "Jumped" ina mofimu 2 ndani ya silabi 1, maana -ed ya kitenzi huwa silabi pale tu shina linapoishia kwa sauti ya t au d, kama "wanted". Mtoto akisema "jampedi", msahihishe papo hapo. Mazoea hayo yakishakomaa ni taabu kuyang'oa.

Mkazo: maneno ya -tion ni mepesi kwetu, kwani mkazo hukaa pale pale tulipozoea, silabi ya pili kutoka mwisho: in-for-MA-tion. Ya -ity huurudisha nyuma hatua moja: a-BIL-i-ty.