Anavuta miguu ya nani?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nimeanza kazi katika kiwanda cha vipuri vya magari hapa Nagoya. Kijana wa Kijapani tuliyeajiriwa naye siku moja alijitambulisha, akainama, akasema atajitahidi "ashi o hipparanai yō ni". Kamusi yangu inasema "asivute miguu". Miguu ya nani?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Miguu yenu! "Ashi" ni mguu, "hipparu" ni kuvuta kwa nguvu. Mtoto akikudaka kifundo ndani ya bwawa la kuogelea akakuzamisha, hiyo ndiyo ashi o hipparu yenyewe, na maji puani juu. Kwa mafumbo ni kumrudisha mwenzako nyuma: ama kwa fitina, ama kwa udhaifu wako tu. Kijana wa watu alikusudia hilo la pili, asiwe mzigo kwenu. Sisi mtu akivuta miguu, anavuta yake mwenyewe, anajikokota. Kwao inavutwa ya mwenzio.

Si lazima mvutaji awe mtu. Nilipokuwa nasoma Osaka, mwalimu wangu aligonga kalamu kwenye karatasi yangu ya matokeo: "Sūgaku ga ashi o hippatte iru." Hesabu inakuvuta mguu. Nilikuwa na 41, na masomo mengine yote juu ya 70. Nikatazama viatu vyangu.

Anayechechemea kwa maumivu ni habari nyingine. Huyo "ashi o hikizuru", anaburuta mguu. Kijana akirudia maneno yake, mjibu "kochira koso", yaani hata mimi pia.