Chuma hiki kinanyumbuka au kinavutika?

Swali: Natafsiri makala ya uhandisi kuhusu chuma cha pua chenye manganizi ya wastani (manganizi ni metali inayochanganywa na chuma). Vipimo vyake vya kuvuta vimetolewa kwa megapaskali na asilimia. Nimeandika: "Kadiri chuma kinavyopashwa joto ndivyo ugumu wake unavyopungua na unyumbufu wake unavyoongezeka." Mhariri ameizungushia sentensi nzima wino mwekundu bila maelezo. Kosa liko wapi?

Jibu: Yako matatu, na nianze na unyumbufu. Chukua ukanda wa mpira, uvute, kisha uuachie: unarudi ulivyokuwa. Huko ndiko kunyumbuka. Sasa chukua kibanio cha karatasi cha waya ukinyooshe. Kimekubali, hakikukatika, wala hakirudi. Makala yako inazungumzia sifa hii ya pili, na mimi naiita uvutikaji, kutoka vuta, vutika. Wapo wanaopendekeza kufulika. Ni neno zuri, nalipenda kwa sababu limebeba kazi ya wahunzi, lakini kufua kunataka nyundo. Katika jaribio la kuvuta, kipande cha chuma hubanwa ncha zote mbili na kuvutwa taratibu. Kinarefuka, kinafanya shingo nyembamba mahali pamoja, ndipo kinakatika hapo. Zile asilimia zako ni za urefu kilioongeza kabla ya kukatika.

Ugumu nao si nguvu. Kioo ni kigumu, ukucha haukikwaruzi, lakini kikianguka kinavunjika vipande. Megapaskali za jaribio la kuvuta ni za nguvu, na hapa uwe mwangalifu, kwa kuwa nguvu zenyewe ni mbili. Ya kwanza ni ile ambayo chuma kikishaipita hakirudi tena umbo lake: iite kikomo cha unyumbufu, maana hapo ndipo neno lako lina haki ya kukaa. Ya pili ni ya kilele, kubwa kuliko zote ambazo chuma kinahimili kabla ya kukatika. Ukiandika "nguvu" peke yake, msomaji hajui unasema ipi, na katika chuma hiki mbili hizo huweza kwenda pande tofauti.

Kosa la tatu ndilo zito, nalo ni la sarufi na la sayansi kwa pamoja. "Kadiri… ndivyo" huahidi mwendo usiogeuka: hiki kikizidi, na kile kinazidi, mpaka mwisho. Chuma hiki hakiendi hivyo. Hupashwa katika joto lililo kati ya vizingiti viwili. Chini ya kizingiti cha kwanza karibu chote ni feriti; juu ya cha pili chote ni austeniti; katikati, zote mbili, ambazo ni namna mbili za atomi za chuma kujipanga, hukaa pamoja. Humo ndimo manganizi na kaboni huhamia ndani ya austeniti na kuituliza, ibaki austeniti hata chuma kikishapoa. Siku kikivutwa, austeniti hiyo hugeuka martensiti, mpangilio mwingine wa atomi ambao ni mgumu, na hugeuka hapohapo panapotaka kukonda. Pale panakaza, urefukaji unahamia pengine. Kwa hiyo chuma kinarefuka sana na nguvu zake kinabaki nazo.

Joto likiwa dogo mno, austeniti ni haba. Likizidi, austeniti ni nyingi, ila kaboni na manganizi zimetawanyika humo hata hazitoshi kuituliza. Sehemu yake hugeuka martensiti wakati wa kupoa, kabla chuma hakijavutwa, na uvutikaji unaporomoka. Muda wa kukaa motoni nao una athari zake.

Basi iandike hivi: "Joto la kupashia likipanda, uvutikaji huongezeka hadi kilele kisha hushuka, kikomo cha unyumbufu kwa kawaida hupungua, ilhali nguvu ya kilele huongezeka." Ile "-ki-" ya masharti inabeba habari bila kuahidi zaidi ya inachojua, na "hadi… kisha" inaonyesha mahali mwendo unapogeuka.

Kuhusu tahajia, shikilia "-iti" kote: feriti, austeniti, martensiti. La kwanza limetoka kwenye neno la Kilatini la chuma, *ferrum*. Mengine mawili yametokana na majina ya William Chandler Roberts-Austen, Mwingereza, na Adolf Martens, Mjerumani.

Na badala ya "manganizi ya wastani", andika "manganizi ya kiasi cha kati". Wastani hupatikana kwa kujumlisha na kugawanya, wakati hapa panatajwa chuma chenye takriban asilimia 3 hadi 12 za manganizi, kilicho kati ya vyuma vya kawaida na vile vyenye manganizi nyingi, kama kile Robert Hadfield alichokitengeneza Sheffield mwaka 1882.